Kazi nyingi, dosie moja
Hotuba kwa wafanyakazi wa Lubumbashi wanaokaribia miaka 60, kuhusu kuandaa dosie (faili) ya pensheni

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wote mliofika, jambo yenu.

Ukimwuliza mtu wa Lubumbashi mwenye miaka 60 leo, "Mzee, wewe ulifanya kazi gani?", mara nyingi atanyamaza kwanza. Hajasahau. Hajui aanzie wapi. Alikuwa kibarua kwenye reli, akawa sentineli wa usiku, akapanda kamioni kama msaidizi wa dereva, akachimba, akajenga nyumba za watu, akauza makala ya kupikia, akarudi tena kwenye ulinzi. Mwishowe anajibu: "Nilikuwa ninajitafutia tu." Neno hilo tunaomba liachwe mlangoni leo. Mtu aliyefanya kazi kumi na mbili kwa miaka 38 amefanya kazi maisha yake yote sawa na yule aliyekaa miaka 38 kwa mwajiri mmoja. Ila hakuna ofisi iliyoandika kazi zake kumi na mbili mahali pamoja. Anazo yeye peke yake, kichwani, na kichwa nacho kinazeeka.

Baba zetu walikuwa na jibu fupi. Wa Union Minière, kampuni ya shaba iliyoitwa baadaye Gécamines, alikuwa na kazi moja, nyumba ya kambi, posho, hospitali na shule ya watoto, na vyote vilikuwa kwenye faili moja lenye namba yake. Aliyezaliwa mwaka 1966 alifika mlangoni wakati mlango unafungwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 ukaja uporaji, na kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kwa hiyo kazi nyingi za watu wa umri wenu hazikutokana na tabia ya kutotulia. Watoto wenu wanapaswa kulisikia hilo kutoka vinywani mwenu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Nunueni daftari la shule la mistari, la kurasa 100. Kila kazi ipewe kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ni wa habari: mwezi na mwaka wa kuingia, mwezi na mwaka wa kutoka, jina la mwajiri kama lilivyoandikwa kwenye karatasi yake, mahali, kazi uliyofanya kwa mikono yako, jina la kapita (msimamizi) wako, na namna ulivyolipwa. Ukurasa wa kulia ni wa ushahidi: una nini mkononi kwa kazi hiyo, nani anaweza kushuhudia, na anaishi wapi sasa. Ukurasa wa kulia ukiwa mtupu, uacheni hivyo hivyo. Hapo ndipo mtakapojua pa kutafuta.

Anzeni na kazi ya mwisho, mrudi nyuma. Ukianza na ya kwanza utaruka, kwa sababu ya kwanza iko mbali na inakumbukwa kama hadithi. Ukianza na ya mwisho, jiulize swali moja tu: siku nilipoingia hapa, nilikuwa nimetoka wapi? Kazi moja inavuta nyingine kama behewa linavyovuta behewa. Na mahali ambapo hamna jibu, msilijaze kwa kukisia. Andikeni "bila kazi" au "shamba" au "ugonjwa". Miezi mitupu haimharibii mtu dosie. Kinachoiharibu ni miezi ya uongo inayogongana na karatasi ya mwajiri.

Kosa la kwanza tunaloliona ni kuandika miaka mizima. Mtu anaandika: "1994 hadi 1997". CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, haihesabu miaka, inahesabu miezi. Aliyeingia Desemba 1994 akatoka Januari 1997 ana miezi 26. Aliyeingia Januari 1994 akatoka Desemba 1997 ana miezi 48. Wote wawili wameandika maneno yale yale, na kati yao kuna miezi 22, karibu miaka miwili ya maisha.

Mtasema: nani anakumbuka mwezi? Wengi wenu mnakumbuka, ila hamjaulizwa vizuri. Msiulize tarehe. Ulizeni kilichokuwa karibu nayo.

Ulilipwa kwa noti gani? Zaire ya zamani ilidumu hadi Oktoba 1993, zikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu akikumbuka kwamba mshahara wake wa kwanza kwa mwajiri fulani ulikuwa zaire mpya, na wa mwisho ulikuwa faranga, amekwisha kuibana kazi hiyo: ilianza baada ya Oktoba 1993 na ikamalizika baada ya Juni 1998.

Mji ulikuwa na hali gani? Kwa wakubwa wenu walioanza kazi zamani: ilikuwa kabla ya vita vya Shaba vya Machi 1977, kati ya hivyo na vya Kolwezi vya Mei 1978, au baadaye? Askari wa AFDL, waasi wa Kabila, walipoingia Lubumbashi Aprili 1997, ulikuwa zamu kwa nani? Na mpira je! Mazembe ilichukua kombe la Afrika mwaka 2009, ikalirudia 2010, na Desemba ya 2010 ikacheza fainali ya klabu za dunia na Inter kule Abu Dhabi. Hatujaona mwanamume wa mji huu asiyejua alikuwa akifanya kazi wapi siku hiyo, kama aliomba ruhusa, na kapita alijibu nini. Mwaka 2015 likaja kombe jingine, na mwaka huo huo Katanga ikagawanywa kuwa mikoa minne.

Mama zetu wana kalenda iliyo bora kuliko ya mpira: watoto. Karatasi ya ubatizo ina siku, mwezi na parokia. Karatasi ya shule ina mwaka na anwani. Ukijua mlikuwa Katuba mtoto wa tatu alipobatizwa, na mlihamia Ruashi kwa sababu baba alipata kazi huko, umepata mwezi. Majira nayo yanasaidia. Mvua inaanza Oktoba au Novemba hadi Aprili, na baridi kali ni Juni na Julai. Anayekumbuka kwamba alianza ulinzi akiwasha moto wa makala usiku kucha kwa ajili ya baridi, asiandike Desemba.

Andikeni kwanza kwa penseli. Baada ya wiki mbili za kukumbuka na kuulizana nyumbani, pitisheni kalamu juu.

Tuje kwenye karatasi. Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni cheti cha mwisho wa kazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kukitoa kontra (mkataba wa kazi) inapokwisha, ndani ya siku mbili za kazi. Kinapaswa kuonyesha aina ya kazi, siku ya kuingia, siku ya kutoka na namba yako ya hifadhi ya jamii. Hakitakiwi kuongezewa maneno mengine, wala ya sifa wala ya lawama. Wengi hawakukipata kwa sababu waliondoka kwa ugomvi na hawakutaka kurudi kukiomba. Rudini, au mtumeni mtoto na barua. Kampuni ikiwa bado ipo, hata ikiwa imebadili jina, mafaili ya wafanyakazi mara nyingi yako mahali fulani, na anayekuja na mwezi kamili na jina la kapita anasaidiwa upesi kuliko anayesema "nilifanya kazi hapa zamani".

Baada ya cheti inafuata karatasi ya mshahara ya kila mwezi. Tazameni mambo manne: jina lako, mwezi, mshahara kabla ya makato, na kato la INSS (jina la zamani la CNSS) au CNSS. Zamani sehemu ya mfanyakazi ilikuwa asilimia 3.5. Leo ni asilimia 5 za mfanyakazi na 13 za mwajiri, jumla 18: kumi ni za pensheni, sita na nusu za posho za familia, moja na nusu za ajali na magonjwa ya kazi. Kato likiwa limeandikwa lakini CNSS haina mwezi huo, maana yake fedha zilitoka kwako na hazikufika, au zilifika kwa jina lisilo lako. Hapo karatasi hiyo ndogo ndiyo neno lako mbele ya mkaguzi wa kazi. Msiitupe hata kama mshahara wenyewe ulikuwa wa aibu.

Wasio na cheti wala karatasi ya mshahara, tafuteni vitu vya pembeni: kontra, hesabu ya mwisho, kadi ya kuingilia getini, karatasi ya hospitali ya kampuni, barua ya onyo. Ndiyo, hata barua ya onyo, kwa kuwa ina tarehe, muhuri na jina lako, na hakuna mwajiri anayemwonya mtu asiyemwajiri. Mashahidi nao wanafaa, ila wawe wale waliofanya kazi nawe miezi ile ile na wenye karatasi zao wenyewe. Jirani aliyekuona ukitoka asubuhi hatoshi.

Tazameni pia jina la mji na mkoa juu ya karatasi. Mkoa huu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Karatasi ya mwaka 1985 yenye kichwa cha "Katanga" itatiliwa shaka na mtu yeyote wa ofisini, na haki yake. Kuna watu wanaouza karatasi za aina hiyo. Karatasi moja ya kughushi inazichafua nyingine tisa za kweli.

Kuhusu kuzitunza: toeni fotokopi sasa, hasa zile zilizochapwa kwenye karatasi laini ya mashine, maana maandishi yake yanafifia na joto linaigeuza nyeusi. Msizibandike plastiki za moto. Muhuri uliofungwa ndani ya plastiki hauwezi kukaguliwa. Msizikunje mara nne, kwa sababu zinakatika kwenye mkunjo, na mkunjo hupenda kupita juu ya tarehe. Mfuko wa plastiki unaofungika ndani ya sanduku la bati, juu ya matofali, unazikinga na mchwa na mvua. Waliopoteza kila kitu mwaka 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa na familia nzima zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, waliondoka na watoto na vyungu, si na karatasi. Hakuna wa kuwalaumu. Kwao daftari na mashahidi ndiyo njia.

Jambo linalokwamisha dosie nyingi kuliko yote ni jina. Mkubwa wenu aliyeajiriwa mwaka 1970 aliandikwa jina la Kikristo na jina la ukoo. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakaondolewa kwa amri, watu wakaongeza jina la babu. Miaka ya 1990 wengi wakayarudisha. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Joseph Mwamba kwenye kontra ya kwanza, Mwamba wa Kalenga kwenye ya pili, na Muamba Kalenga Joseph kwenye kadi ya mpiga kura. Ofisini hao ni watu watatu, na kila mmoja ana miezi michache isiyofika popote. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari majina yote mliyowahi kuandikwa, herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya karani. Kisha ombeni kwenye komini (ofisi ya mtaa wa mji) karatasi inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Aliyeandikwa "amezaliwa karibu na mwaka 1965" na hana karatasi ya kuzaliwa, aende mahakamani kuomba hukumu inayosimama mahali pake. Afanye hivyo mapema, na mwaka utakaoandikwa ulingane na ule ulio kwenye kontra zake. Anayejiongezea miaka mitatu ili afike 60 upesi anajikuta alianza kazi kabla ya kumaliza shule, na dosie inarudi.

Namba nazo zina shida ya aina hiyo. Waajiri wengine walimwandikisha mfanyakazi upya badala ya kuuliza namba yake ya zamani, hivyo mtu ana namba mbili au tatu. Chukueni zote hadi CNSS, msichague iliyo safi. Ombeni kuona miezi iliyotangazwa chini ya kila namba, mkaiweke kando ya daftari, mstari kwa mstari. Kadi ya zamani ya INSS isitupwe kwa kuwa jina la ofisi limebadilika. Na waliokuwa watumishi wa leta (serikali) kwa miaka kadhaa wajue kwamba miaka hiyo inashughulikiwa na mfuko mwingine, CNSSAP.

Umri wa pensheni kwa sheria ya mwaka 2016 ni miaka 60, kwa mwanamume na mwanamke pia, na mtu awe ameacha kazi ya mshahara. Miezi ya waajiri wote inaunganishwa. Asiyefikisha miezi inayodaiwa hatoki mikono mitupu: kuna malipo ya mara moja. Kwa hiyo mwenye miezi michache asibaki nyumbani kwa kukata tamaa.

Na kazi zisizo na kontra? Nyingine zilikuwa na kontra bila ninyi kujua. Kibarua wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamhesabu kuwa ameajiriwa bila kikomo. Kontra ya muda nayo haiwezi kupita miaka miwili. Mlioingia migodini kupitia kampuni za sutretansi, zile zinazopewa kazi na mgodi, mwajiri wenu ni jina lililo chini ya kontra. Si jina lililoandikwa getini. Watu wengi wanapoteza mwezi mzima wakigonga geti ambalo halikuwahi kuwaandika. Kuchimba kwa kadi ya mchimbaji, kuuza makala, kulima, kufuma, kupika bukari kando ya barabara, hizo hazizai miezi ya CNSS. Ziandikeni hata hivyo, kwa kurasa mbili kama nyingine.

Sababu ni daktari. Tunaomba mtuvumilie hapa, maana hili tunalijali kuliko pensheni. Vumbi la mawe yenye kwatsi (madini magumu ya mwamba) linabaki kwenye mapafu. Linaweza kukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuonekana, na mtu mwenye vumbi hilo anapatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mzee anafika hospitali na kikohozi, anaulizwa kazi yake, anajibu "sentineli", kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho. Ile miaka minne ya kutoboa mwamba bila maji wala kitambaa puani haisemwi. Daktari anatafuta kitu kingine. Kwa hiyo chini ya kila ukurasa wa kushoto ongezeni mstari mmoja: nilivuta nini, nilishika nini, nilibeba nini. Vumbi la kusaga mawe, moshi wa tanuri za makala, moshi wa kulehemu, mvuke wa asidi ya viwandani, saruji, mifuko ya kilo 50 mgongoni, kelele za mashine, miaka mingapi ya kukesha. Mkienda hospitali, bebeni daftari na mwonyesheni daktari mistari hiyo kabla ya kupigwa picha ya kifua.

Vijana mlioleta wazazi wenu, lenu ni fupi. Msisubiri miaka 60. Siku unapotoka kazini, dai cheti na hesabu ya mwisho kabla ya kurudisha kadi ya geti. Ukiachishwa kwenye kontra isiyo na kikomo bila kosa kubwa, notisi ya chini ni siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka mzima. Miaka sita ni 14 na 42, yaani siku 56. Ukiacha mwenyewe, unadaiwa nusu yake, siku 28. Anayetoka bila kuaga akiwa na hasira ndiye yule atakayetafuta cheti baada ya miaka thelathini.

La mwisho ni la mama zetu, na baba zetu wasikilize. Mume akifariki, mjane ana haki yake kwenye pensheni ile, lakini atadaiwa karatasi ya ndoa iliyoandikishwa kwenye komini. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee ni ndoa mbele yetu sote, ila ofisi inataka karatasi. Waliooana kwa desturi bila kuandikisha, waende wote wawili, wangali hai, wakaandikishe. Na daftari lisiwe siri ya baba. Mama ajue liko wapi, ajue namba na ajue majina yote yaliyotumika. Toeni fotokopi mbili za daftari na za karatasi. Moja ikae mbali na sanduku la kwanza, ndani ya nyumba. Ya pili apewe mtoto anayeishi komini nyingine, na aandike kwenye simu yake kwamba anayo.